Barua ya Kumtoa Eustakio Jeshini

Dafrosa alijua mumewe ana mwanamke Nachingwea kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Zamani kamba ile ilibeba kombati kila wiki. Mumewe, Sajini Eustakio, alikuwa akifika Jumamosi kutoka kambini Nachingwea, begi limejaa, na Dafrosa anafua palepale uani, tena upande wa barabarani, ili Chinongwe nzima ijue nani mke wa mwanajeshi. Jumatatu alfajiri mume anaondoka na kombati zilizopigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo imesimama. Maringo Dafrosa alikuwa nayo, hakukataa.

Tangu masika ya mwaka juzi, begi lilikuja na fulana mbili na kaptura.

"Kombati haziruhusiwi kutoka siku hizi," Eustakio alimwambia. "Zinafuliwa hukohuko."

"Na nani?"

"Mama Rogath, kuna dobi. Dobi wa kambi."

Dobi! Dafrosa alimpa huyo dobi sura, akampa kiuno, akamvika na shanga. Alimwona amechuchumaa mbele ya karai, anasugua kola ya mume wa mtu taratibu, hana haraka. Akipalilia mbaazi alimwona. Kanisani, Padri katikati ya mahubiri, alimwona. Mwanamke anayemfulia mwanamume nguo miaka miwili hawezi kuishia kwenye nguo, hilo hakuna wa kumdanganya.

Akaanza kupekua. Alinusa fulana, akakuta moshi tu. Alikagua viganja vya mumewe, akakuta sugu ambazo hakuzijua. Aliuliza kuhusu dumu la maziwa ya mgando lililokuwa likija naye kila Jumamosi, akajibiwa limenunuliwa njiani kwa wafugaji. Maziwa aliyanywa. Wivu ni wivu, lakini mgando ule ulikuwa mzuri.

Kitu kimoja tu kiliwahi kumpoza. Mwaka jana jirani yao Geofrey alifiwa na mama yake, na mwanawe, askari mpya wa kambi ileile, hakuonekana mazikoni. Kambi nzima ilikuwa imezuiwa kutoka, Geofrey alieleza, hata mwenye msiba haruhusiwi. Eustakio alifika Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi, anapiga mluzi. Dafrosa alitaka kulia kwa furaha. Mtu katoroka kambi kwa ajili yake! Alimchinjia jogoo.

Jumatatu mume alipoondoka, dobi akarudi kichwani.

"Acha jeshi," Dafrosa alisema Jumamosi moja, bila hata kumkaribisha kiti. "Miaka ishirini na mbili inatosha. Mikorosho ipo, nyumba ipo, na mimi nipo."

"Nitaacha. Nipande usajinitaji kwanza, nitoke na heshima."

"Lini?"

"Mwakani."

"Hata mwaka jana ulisema mwakani."

"Jeshi siyo genge la nyanya, mama Rogath, umechoka unafunga. Kutoka kuna siku yake."

Basi siku hiyo ya kutoka Dafrosa akaamua kuichagua yeye. Alikwenda kwa katekista Anselmo, ambaye parokia nzima hakuna anayemfikia kwa mwandiko, akamwandikisha barua. *Mimi Sajini Eustakio naomba kuacha kazi kwa hiari ili nikae nyumbani na mke wangu wa ndoa.* Maneno manne ya mwisho aliomba yapigiwe mstari. Anselmo alisita kidogo ilipofika sahihi. Dafrosa alichukua kalamu, akaitia mwenyewe.

Jumatano alipanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini, akadaka gari la Nachingwea. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kupakata hotpoti ya kuku wa kukaanga. Mambo yalikuwa matatu. Mkuu wa kikosi apewe barua, mume apewe kuku, na dobi, Mungu akijalia waonane, apewe maneno yake.

Getini alimkuta Koplo Kaimu, aliyekuwa kikosi kimoja na Eustakio tangu wangali vijana.

"Shemeji Dafrosa! Umetutupa kabisa."

"Nipo, shemeji. Nina barua ya mume wangu. Naomba ifike kwa mkuu leo hii, kabla hajabadili mawazo."

Kaimu aliifungua, maana getini hapapiti karatasi bila kusomwa. Akasoma. Akaigeuza nyuma, kukawa hakuna kitu, akairudia tena mwanzo midomo ikimchezacheza.

"Sasa shemeji," alisema, "jeshi hili Sajini aliache mara ngapi? Si tulimuaga hapahapa mwaka juzi, kwa ngoma na mbuzi mzima?"

Dafrosa aliitua hotpoti chini, taratibu, asije akaimwaga.

Kaimu aliuona uso ule. Alikuwa mtu mwenye huruma, hakupenda kumwona mke wa rafiki yake anaaibika mbele ya geti, akatafuta haraka neno la kumfariji.

"Usijisikie vibaya, shemeji, inawezekana kuna mkanganyiko wa majina," alisema. "Hata wiki iliyopita alisimama hapo ulipo mama mmoja kutoka huko kwa wafugaji, Mbwemkuru, mtoto mgongoni, anatuomba tumhurumie mumewe, Sajini Eustakio, tumpunguzie zamu za kambini za kila Jumamosi na Jumapili."