Watu Wote Watoke

Kima alikuwa juu ya paa na kijiko cha chai mkononi. Bibi alikuwa chini, mikono kiunoni, akimkaripia.

"Rudisha, mwizi we. Jana ulichukua kifuniko cha birika nikanyamaza."

Afisa wa misitu alizima pikipiki, akaiegemeza kwenye mvule mkubwa mbele ya nyumba, akangoja ugomvi uishe. Kima alikilamba kijiko pande zote mbili, akakiangusha kwenye majani, akaenda zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Semea sikio la kulia. La kushoto liliuawa na baruti za mume wangu, Mungu amrehemu."

Afisa akaandika kwenye daftari lake: mume, mwindaji. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja, na safari hii alikuwa na barua yenye mhuri. Msitu umewekwa chini ya hifadhi. Watu wote watoke kabla ya Ijumaa. Bibi alikuwa ndiye watu wote.

"Utapewa chumba mjini," alisema. "Cha matofali, kina umeme, na bomba liko mlangoni."

"Na asubuhi nitaamshwa na nani?"

Afisa hakulielewa swali mpaka hondohondo alipotua dirishani na kugonga kioo kwa mdomo wake, ko, ko, ko. Bibi akamtupia kipande cha papai.

"Huyu huja saa kumi na mbili kamili. Sasa amerudi kwa sababu ameona nina mgeni. Mdaku sana."

Akamchukua afisa hadi nyuma ya nyumba, kwenye bwawa lenye kingo zilizosimama wima kama ukuta. Upande mmoja tu ulikuwa na mteremko, na hapo pongo na mtoto wake walikuwa wakinywa maji. Bibi alimshika afisa mkono asisogee.

"Kila siku hukaa hapa na kikombe changu," Bibi alinong'ona. "Huyo mdogo amezaliwa nyuma ya choo changu. Nikimwona tu moyo hucheka."

Afisa naye moyo wake ulikuwa ukicheka, akaukasirikia.

"Ndiyo maana tunaulinda msitu, Bibi. Binadamu ni adui yake. Akikaa, hukata, huchoma, humaliza."

"Mimi nimekata nini?"

Afisa akaangaza macho. Miti ilisimama safu kwa safu, imenyooka kama wanafunzi mstarini, na hapakuwa na kisiki hata kimoja. Akaikimbilia barua.

"Sheria ni sheria. Imeandikwa hapa: atabaki yule tu aliyekuwepo kabla ya msitu." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Sasa nani aliyeuzidi msitu umri?"

"Hebu soma tena."

Akasoma tena, polepole, upande wa sikio la kulia.

"Basi sitoki," alisema Bibi. "Ijumaa njoo na polisi, njoo na mkubwa wako, njoo na mkubwa wa mkubwa wako. Chai nitawapikia, maana wageni hawana kosa. Lakini sitoki."

"Bibi, usishindane na serikali. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha maisha yangu yote. Leo na apite pembeni."

Aliingia ndani. Afisa akasikia sanduku likifunguliwa na vitu vikisukumwa huku na huku. Alipotoka alikuwa na picha ya zamani kwenye fremu, akaifuta kioo kwa upindo wa khanga yake, akamkabidhi.

"Tulipigwa picha hapa hapa mlangoni, wiki ya harusi yetu. Tazama vizuri, halafu uniambie nifungashe au nisifungashe."

Mlango ulikuwa ule ule, na dirisha lile lile la hondohondo. Mume alishika nyundo ya kupasulia mawe. Pembeni na nyuma ya nyumba, hadi mwisho wa picha, yalikuwa machimbo matupu: mawe, mashimo na vumbi jeupe, pasipo jani hata moja.

Bi harusi alikuwa amekumbatia kopo kuukuu la rangi, na ndani yake mche wa mvule wenye majani mawili.