Mnavu wa Nakijwa

Siku ya tatu sokoni, Nakijwa hakuuza hata fungu moja la mnavu. Katika mji huu aliohamia, watu hawakuwa na desturi ya kuula.

"Mwanangu, hayo majani sisi tunayang'oa na kuwatupia mbuzi," Bi Sikudhani, muuza nyanya wa meza ya jirani, alimwambia. Wateja wakacheka.

Kesho yake Nakijwa alikuja na jiko la mkaa, sufuria na karanga za kusaga. Akauchambua mnavu palepale mezani, akauchemsha, akauunga kwa karanga. Harufu ilipopanda, wapita njia walipunguza mwendo, lakini hakuna aliyesimama. Akapakua sahani ya kwanza, akampelekea Bi Sikudhani.

"Onja, mama. Bustani yangu nzima ni mnavu, na sina pengine pa kurudi."

Bi Sikudhani aliitazama sahani, akawatazama watu walioanza kuwazunguka. Akanawa mikono, akachota kidogo kwa vidole, akatafuna polepole. Kisha akakaa vizuri kwenye kigoda chake, akaivuta sahani karibu.

"Na ugali uko wapi?" akauliza.