Ndoo Mpya ya Shomari

Tangu vinyama vimwote Shomari sehemu za siri, hakugusa tena maji ya kuoga aliyotengewa na mkewe. Alijinunulia ndoo yake na taulo lake.

"Baba Hiba, daktari kasema havitoki kwenye ndoo," Mwanahawa alisema, kachoka kurudia. "Vinapita ngozi kwa ngozi, watu wakilala pamoja. Virusi vyake hujificha mwilini hata miaka. Aliyeanza hajulikani."

"Mimi namjua."

"Vimekuota wewe, mkosaji mimi. Haya. Na kitanda mbona hujanunua chako?"

Mwanahawa aliingia chumbani, akarudi na mto wa mumewe, akauweka juu ya ile ndoo mpya.

"Twende wote kliniki, au ulale nayo."

Kando yao, maji aliyomtengea yalikuwa bado yanatoa mvuke.