Raki Haiachwi Peke Yake

Siku hizi kila nyumba inapewa raki, kabati la seva za kompyuta za mji, na haiachwi peke yake. Aliyesajiliwa kuilinda, mlango haumfungukii mpaka mwingine ashike zamu. Mimi ni fundi nyaya. Ya kwetu niliijaribu kwa kidole changu, mazoea ya kazi tu, ikanisajili papo hapo. Tangu masika sijakanyaga nje.

Leo mke wangu, Tunu, kachoka kuniona.

“Unazunguka humu kama kuku kafungwa mguu. Nisajili mimi, ukapunge upepo. Jioni tunabadilishana.”

“Na nikichelewa?”

“Uchelewe uende wapi, na sura hiyo?”

Tukacheka. Akabonyeza kidole kwenye raki, mlango ukanifungukia.

Sasa niko stendi ya mikoani. Jua limeshazama. Nayaangalia tu mabasi, siendi popote.