Tarakimu Nyekundu Darini

Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme pale Karatu alizima taa. Saa ya mezani aliyokuwa akiwaonyesha Flaviana na mumewe ikarusha tarakimu nyekundu darini. Flaviana akakinga kiganja, zikatua juu ya sugu alizoota kwa kushika usukani.

"Hata ikichomolewa, alamu inalia kwa betri, na ukiirudisha kwenye umeme inajiseti yenyewe," muuzaji alisema.

"Mwanga huo utatunyima usingizi," mumewe alinung'unika. "Chukua ile ndogo."

Mara mbili mume huyo alikuwa amemzimia alamu ya simu kwa makusudi, na mara mbili watalii wake wakapelekwa kreta kutazama wanyama na dereva mwingine. Udereva ni kazi ya wanaume, alisema.

"Nifungie hii," Flaviana alimwambia muuzaji. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ikikuumiza macho, Baba Bertha, geukia ukutani."