Jiwe Lililopasuka Mara Tatu

Kwa mara ya arobaini na moja, jiwe la Kamaldine lilitumbukia katika Ziwa Tanganyika. Alishusha pumzi, akafuta hesabu zote kwenye kompyuta, akaanza upya.

Jiwe lenyewe lilikuwa limepasuka angani wiki tatu nyuma, alasiri, likatikisa mabati kutoka Kabambare hadi Lusangi. Hakuna aliyejua vipande viliangukia wapi. Watu wa Lusangi walisema mashamba yao yameingia sumu. Wakakimbilia Kasongo, karanga wakaziacha zikiozea ardhini. Mkuu wa teritware, yaani wilaya, akamwita Kamaldine, mwalimu wa fizikia, mtu pekee mjini humo mwenye programu ya kuiga jinsi mawe ya angani yanavyovunjika hewani.

"Watu warudi ao wasirudi?" alimwuliza. "Ni weye utasema."

Programu ilitaka kujua jiwe lilitokea upande gani, lilipasuka mara ngapi, na mshindo ulichukua muda gani kufika chini. Kwa hayo ilibidi kutegemea mashahidi. Emile, muuza uniti za simu wa Kabambare, aliwapelekea simu yake mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliapa kwamba lilitoka Katanga. Wa tatu alihesabu vipande saba, mkewe akamkatiza kwamba ni kimoja. Wa tano alisema limetumwa na shemeji yake, akataja na jina. Mashahidi kumi na wawili, mbingu kumi na mbili.

Wa kumi na tatu alikuwa mama mzee, Binti Asani.

"Nilikuwa ku mukeka, nimeelekea kibla," alisema. "Jua iko kushoto. Mara moto ikanipiga ku shavu ya kuume. Ikapiga, ikapiga, ikapiga. Mara tatu."

"Na mushindo, Mama?"

"Moto ilinipiga nikianza kuvuta tasbihi. Punje ya makumi munane na tatu, mushindo ya kwanza. Makumi munane na sita, ya pili. Makumi kenda, ya mwisho."

Kamaldine alimwomba avute tasbihi tena akihesabu kwa sauti simuni, yeye akashika saa. Alivuta mara nne, na mara zote nne sekunde hazikupishana hata mbili.

Akaingiza tarakimu zile. Jiwe likaja kutoka mashariki, likapasuka mara tatu, vipande vikashuka katika pori lisilo na mtu, mwendo wa siku nzima kwa mguu kutoka shamba la karibu. Alikaa kitambo akizitazama familia za Lusangi zilizojaa uani kwa jirani. Kisha akamwandikia mkuu: Warudi.

Wakarudi. Siku ya tisa wawindaji walitoka katika pori lile na mawe mawili meusi, mazito kama chuma.

Kamaldine alichukua moja, akapanda pikipiki hadi Kabambare kumshukuru shahidi wake. Alimkuta barazani, akamwekea jiwe mikononi. Binti Asani aliligeuza polepole, akalipitisha shavuni, akalinusa.

"Umenisaidia kupita mashahidi bote, Mama."

"Basi na weye unisaidie, mutoto yangu," alisema, uso ameuelekeza upande ambao hapakuwa na mtu. "Ile siku, hiyo kitu ilikuwa namna gani? Hapa kila mwenye macho ananielezea yake."