Chupa ya Maji kwenye Usukani

Mume wangu alianza kuringa tulipotoka tu nyumbani. "Pikapu ya shemeji yako inapiga kelele ukiachia usukani kidogo. Yetu inajiendesha yenyewe katikati ya njia, kimya."

Pikapu hizo ni pacha, zilinunuliwa siku moja, duka moja. Iweje moja ilalamike na nyingine inyamaze?

Nikaitazama ile chupa ya maji aliyoifunga kwa mpira upande mmoja wa usukani. "Ya kiu," aliniambia asubuhi. Kiu gani? Tumeshakaa njiani saa tatu nzima, na kizibo hakijafunguliwa hata mara moja. Chupa ilining'inia tu, ikiuvuta usukani kama mkono wa mtu.

Kumbe! Nikaufungua mpira taratibu, nikaipakata chupa.

Pikapu ilikaa kimya kidogo, halafu ikaanza kulia. Taa nyekundu ikawaka: shika usukani.

"Baba watoto," nikasema, "mbona sasa imekuwa kama ya shemeji?"

Nikamgeukia. Alikuwa amekaa wima, miwani myeusi usoni, mikono mapajani, mdomo wazi, akikoroma.

Na mbele yetu barabara ilikuwa inaanza kupinda.